Gari Linarusha Upande wa Kushoto

Nachingwea,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Shija,

Nakuamkia kwa Kisukuma chetu: mwangaluka. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Makrina anaendelea na ualimu wake na anakusalimu, duka langu la simu na sola linakwenda, mvua imekatika na vumbi limeshaanza kazi yake. Natumaini baba na mama huko Mandawa ni wazima, na wewe na mafundi wenzako hapo Ruangwa mnaendelea kupakana grisi.

Usishangae kupata karatasi. Simu nimekufungia mwenyewe na sijasahau kwa nini. Siku nilipoweka picha ya gari langu kwenye kundi la familia, uliandika mbele ya mashangazi wote: "Hilo ni gari au kiatu?" Nitakufungulia siku utakapoomba radhi. Barua hii nampa Swalehe, konda wa basi la Ruangwa, atakuachia hapo gereji.

Jambo lenyewe ni hili. Gari ni la spoti, milango miwili, rangi ya njano, nimelinunua Machi. Mji mzima huu hakuna la pili. Mwanzoni lilikuwa limetulia kabisa, lakini tangu mwisho wa Aprili linarusha. Likipita kwenye tuta dogo tu linagonga gu! mpaka meno yanakutana. Fundi Eustakio wa hapa kalikagua, akasema shokapu za mbele zimekufa. Nikabadilisha. Linarusha vilevile. Na bampa nimelipaka rangi upya baada ya Pasaka, linang'aa. Ni aibu gari zuri namna hii kugonga kama trekta.

Najua wewe unatengeneza bodaboda na pawatila, hili si la kiwango chako. Lakini ulisomea magari, na sisi tumenyonya ziwa moja. Niambie unadhani ni nini.

Kaka yako,
Dotto

*

Ruangwa,
18 Mei 2025

Kaka Dotto,

Shikamoo. Mimi nipo, mikono ina grisi kama ulivyosema, na ndiyo inayonilisha. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Karatasi haina kitufe cha kufungia, kwa hiyo leo utanisoma mpaka mwisho.

Habari za nyumbani si nzuri. Mama presha inampanda na kumshuka. Baba ndiyo usiseme. Jumamosi ya Pasaka, siku ile tuliyokusubiri mpaka wali ukapoa, na wewe ukaja kutuma ujumbe kwamba duka lilikuwa na wateja, Msomi hakurudi na ng'ombe wenzake. Tulimkuta mvua kubwa ilipopita, amelala kando ya barabara kwenye kona ya shamba la ufuta la Mzee Harithi, miguu ya nyuma imevunjika yote miwili. Baba alimchinja kwa mkono wake mwenyewe. Unajua Msomi alikuwa nani pale nyumbani. Maksai aliyetangulia mbele ya kundi zima, aliyejua njia ya maji bila kuswagwa. Tangu siku ile ng'ombe wenyewe wanatoka zizini wamesimamasimama, hakuna anayejua aanze nani.

Baba anasema ni vijana wa Harithi waliompiga kwa marungu, kwa sababu wiki hiyohiyo ng'ombe wetu waliingia kwenye ufuta wao. Amemshitaki Harithi kwa mwenyekiti wa kijiji. Harithi huyohuyo aliyetupa mahali pa kujenga tulipofika kutoka Usukumani hatuna hata kigingi cha kufungia ndama. Nimemwambia baba asubiri, apate uhakika kwanza. Ameniuliza kama na mimi ni mtoto wa Harithi.

Haya, tuje kwenye kiatu chako. Kwanza nieleze: mtu mwenye wazazi wawili, mke mmoja na ndugu wasiohesabika ananunua gari la milango miwili, alipanga kumpakia nani? Pili, matairi umejaza upepo kiasi gani? Ukifungua mlango wa dereva kuna karatasi imebandikwa, imeandikwa kiasi kinachotakiwa. Mimi nakujua. Utakuwa umejaza upepo wa lori ili gari linyanyuke lisiguse mawe. Tairi la spoti ukuta wake ni mfupi, ukilijaza hivyo linakuwa gogo, na wewe umepanda magogo manne halafu unalia kwamba yanarusha.

Punguza upepo, halafu niandikie linagonga wapi. Mbele au nyuma? Kulia au kushoto? "Linarusha" si ugonjwa, ni kilio tu.

Mdogo wako,
Shija

*

Nachingwea,
8 Juni 2025

Shija,

Marahaba. Barua nimeipata, pamoja na matusi yake. Sisi wazima. Kazi nyingi, watu wanauza ufuta, wakiuza ufuta wananunua simu, nashukuru Mungu.

Pole kwa baba. Nimesikitika kuhusu huyo maksai. Ila mwambie asikuze mambo, ng'ombe ni mali, na mali hutafutwa.

Upepo ulikuwa sitini. Karatasi ya mlangoni inasema thelathini na mbili. Nimepunguza, na nakubali kwa shingo upande kwamba nyuma pametulia. Lakini mbele bado. Ni mbele kushoto. Kulia hakuna neno, kushoto likishuka shimoni linagonga, na usukani unanivutia hukohuko kushoto. Eustakio kanibadilishia shokapu mara ya pili, safari hii tumeagiza orijino kutoka Dar. Hakuna kilichobadilika. Fundi Octavian, yule aliyenipakia rangi bampa, anasema ndivyo magari ya spoti yalivyo, tajiri lazima ateseke kidogo.

Makrina amekataa kabisa kulipanda tangu Pasaka. Anasema mgongo. Kila asubuhi anakwenda shuleni kwa bodaboda, majirani wanaona, na mimi nimesimama hapo na gari. Fikiria nafasi yangu.

Dotto

*

Ruangwa,
15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, mama nafuu kidogo.

"Ng'ombe ni mali, na mali hutafutwa." Nimelisoma hilo mara mbili nikitafuta jina la ndugu yangu chini yake, nikalikuta. Ada yako ya chuo ilitembea kwa miguu minne mpaka mnadani, na aliyeitangulia njiani ni huyo Msomi. Mijitu ikishiba husahau. Haya.

Mambo yamekuwa hivi. Mama Hafidha, mke wa Harithi, amemwambia mama asichote tena kwenye kisima chao. Miaka saba wamechota pamoja. Sasa mama, na presha yake, anakwenda mtoni na ndoo, na baba anasema afadhali maji ya mto kuliko maji ya muuaji. Wanakijiji wengine wamepata nafasi ya kusema waliyokuwa wameyameza: kwamba wafugaji tumezidi, kwamba tuhamishwe upande ule wote. Mwenyekiti ameitisha mkutano Jumamosi tarehe 16 Agosti. Baba asipothibitisha maneno yake dhidi ya Harithi, kuna watu watasimama kutaka tuondoke, na watasikilizwa. Baba na mama hawana tena miguu ya kuhama, kaka. Wakiondolewa pale wataanza wapi?

Nilikwenda kwa Mzee Harithi mwenyewe kumwamkia. Hakunikaribisha kukaa. Akaniambia, "Shija, mie ng'ombe wa baba ako sijamgusa, wala wanangu hawajamgusa. Ningetaka kumuua ningemuua mchana kweupe, watu waone, niseme kaja kula ufuta wangu. Mie si mtu wa kuvunja mnyama miguu nikamwacha." Nikaondoka nimeamini. Baba haniamini mimi.

Kuhusu gari. Huyo Octavian anayesema tajiri ateseke, mwambie abaki kwenye rangi. Na Eustakio anabadilisha shokapu kama mganga anayebadilisha kuku: mgonjwa haponi, kuku wanaliwa. Nijibu haya. Je, umeweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia springi? Usinidanganye, nyote mnaweka. Kama zipo, toa. Gari limetengenezwa kulala chini, wewe unalisimamisha kwa vidole vya miguu.

Kisha chukua futi ya kupimia. Nyoosha usukani, simamisha gari mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, upande wa kulia, andika. Pima kushoto, andika. Halafu angalia rimu ya mbele kushoto, ndani na nje, kama imepinda au imechubuka. Pima wewe mwenyewe, si Eustakio.

Shija

*

Nachingwea,
20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mizigo Mtwara, kisha malaria kidogo, kisha Swalehe hakuonekana stendi wiki nzima. Sasa sijambo.

Spesa zilikuwepo, tangu Machi. Nimetoa. Gari limelala chini, zuri, lakini kule mbele kushoto ni vilevile.

Nimepima mara tatu kwa mkono wangu. Kulia sentimita mia mbili hamsini na tano. Kushoto mia mbili hamsini na moja na nusu. Sijui maana yake, wewe utajua. Rimu ni safi, haina hata mkwaruzo, nimeipitishia kidole kote. Hapo utakubali kwamba mimi ni dereva mwangalifu, silipitishi gari kwenye mashimo hovyo kama mnavyodhani.

Hayo mengine ya kijijini sipendi kuyaingilia. Mimi naona baba afute kesi, apatane na Harithi, yaishe kabla ya huo mkutano. Kwa nini kung'ang'ania? Hakuna aliyeona. Natuma sukari kilo tano na doti ya khanga kwa mama. Mwambie nitakuja kazi zikipungua.

Dotto

*

Ruangwa,
23 Julai 2025

Dotto,

Sukari imefika. Khanga imefika. Sijazipeleka Mandawa, zipo hapa juu ya rafu pamoja na plagi mbovu.

Nakupa jibu la gari lako, maana ndilo uliloniomba tangu Mei, na mimi nikianza kazi naimaliza.

Kushoto ni pafupi kuliko kulia kwa sentimita tatu na nusu. Gari halizaliwi hivyo. Maana yake tairi la mbele kushoto limesukumwa nyuma. Mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini, sisi tunauita amu, umepinda, na mpira wake umepasuka. Kwa hiyo tairi halina nafasi ya kupanda na kushuka, kila tuta linagonga mwili wa gari. Unaweza kubadilisha shokapu mpaka mwaka 2040, litagonga. Tafuta amu iliyotumika, Masasi zipo. Ndiyo hiyo kazi yote.

Sasa sikiliza sehemu ambayo Eustakio hakukuambia. Amu haipindi kwa uzee. Lazima gari ligonge kitu. Ingekuwa shimo au jiwe, rimu ingepinda kwanza, au ingechubuka. Na wewe umeniapia kwamba ni safi, umeipitishia kidole. Basi ni kitu kizito kilichopiga pembe ya mbele kushoto na tairi lake, kikalirudisha nyuma, lakini si kigumu cha kuchubua chuma. Kimevunja bampa, ndiyo maana umelipaka rangi wiki ileile, si kwa sababu ya kung'aa. Ni kitu chenye nyama, Dotto. Na kwa gari linalotambaa chini kama lako, kingepigwa miguuni.

Gari lilikuwa limetulia mpaka mwisho wa Aprili. Hayo ni maneno yako. Makrina hajalipanda tangu Pasaka. Ni maneno yako pia. Mimi sikukuuliza lolote kuhusu Pasaka, nimekuuliza habari za matairi tu. Ungeweza kunidanganya kuhusu wewe mwenyewe, umefanya hivyo tangu utotoni na mama anakusadiki. Kuhusu gari hukuweza, kwa sababu unalipenda na ulitaka lipone.

Ulikuja. Jumamosi ile tuliyokusubiri, ulikuja. Ulifika mpaka kwenye kona ya Harithi, ukaona paa la nyumba yetu, ukageuza. Mvua ikafuta alama za matairi. Sisi tukala wali wa baridi, tukasoma ujumbe wako kwamba duka lina wateja. Kisha miezi miwili umekaa ukisoma kwenye barua zangu kwamba mzee wa watu anaitwa muuaji, kwamba mama yako anabeba maji kutoka mtoni, kwamba watahamishwa, na jibu lako limekuwa sentimita. "Hakuna aliyeona." Mimi nilidhani nina kaka mwenye majivuno. Majivuno ningeyavumilia, yanachekesha. Hiki kingine sina jina lake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imepungua sentimita tatu na nusu.

Mkutano ni tarehe 16. Njoo useme. Usipokuja, nitasimama mimi na namba zako mkononi, na Mungu anajua sitapunguza hata moja.

Shija

*

Nachingwea,
9 Agosti 2025

Shija,

Siku kumi na tano nimeshindwa kukuandikia. Sina cha kukanusha.

Nilitaka kuwashangaza. Nilitaka mama asikie mlio, atoke nje akute gari la njano uani na mwanawe ndani yake. Mvua ilikuwa inanyesha, jioni imeshaingia, utelezi ule wa Mandawa unaujua. Niliona kitu kimekatiza kwenye kona, nikakanyaga breki, gari likaserereka. Likakigonga. Taa ya kushoto ikazima. Sikujua ni ng'ombe wa nani. Wako wengi siku hizi, na wenyewe wana mapanga. Nikaogopa kupigwa. Makrina alikuwa analia. Nikageuza.

Kwamba ni Msomi nilijua kwako, barua ya Mei. Na hapo nilikuwa nimeshasema uongo wa duka, nikaona aibu kuurudia nyuma. Kila wiki iliyopita aibu ilizidi. Ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 16 siwezi kuja. Sina uso wa kusimama mbele ya kijiji kizima. Barua hii isome wewe mkutanoni, neno kwa neno. Mzee Harithi nimemkosea na ninamwomba radhi mbele ya watu wote. Baba pia. Maksai mwingine nitanunua.

Simu nimeshakufungulia.

Dotto

*

Ruangwa,
18 Agosti 2025

Kaka Dotto,

Simu nimeiona. Sipigi. Haya ni ya karatasi.

Mama hajambo. Baba anakula kidogo.

Barua yako nimeisoma. Mkutano ulikuwa chini ya miti ya korosho mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa kama siku ya kugawa mbegu, mpaka watu wa kijiji cha Likunja walikuja, maana ugomvi wa Msukuma na Mmwera una watazamaji wengi. Uliandika vizuri, nakusifu, sentensi zimenyooka kuliko gari. Nilipofika pale uliposema wako wengi na wenyewe wana mapanga, watu walicheka. Baba hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, kofia magotini.

Mzee Harithi alisimama. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi mitatu naitwa muuaji, kumbe muuaji kavaa miwani ya jua." Wakacheka tena. Kisha akasema kwamba mahali pale alitupa yeye na hajawahi kuwanyang'anya watu alichowapa, na anayetaka mzee wetu Lubasha ahame aanze kumhamisha yeye Harithi. Mwenyekiti akafunga. Kwa hiyo tumebaki. Tumebakizwa na mtu tuliyemtukana. Mama Hafidha bado hajamwita mama kisimani, na sidhani kama ataitwa kesho.

Baba alivuka uwanja kwenda kumshika Harithi mkono. Unajua baba yako, hajawahi kumwomba mtu radhi, hata mama. Alisimama mbele yake, kofia mkononi. Harithi akamwambia, "Kaa, mzee mwenzangu, umechoka." Nililia, sikufichi.

Nilidhani nyumbani atakutukana usiku kucha. Akafunga zizi, akalala. Jana amekuja mwenyewe mpaka hapa gereji, kwa bodaboda, mzee yule. Amekaa kwenye kiti cha wateja. Hakuuliza habari za mvua, wala taa, wala uongo wa duka. Maksai mwingine hamtaki. Ameniuliza kitu kimoja, akasema nikuandikie nikuulize: "Dotto alimtambua?"

Nikamwambia barua inasema hapana. Akasema, "Barua nimeisikia. Msomi alizaliwa mvua za mwaka ule Dotto anamaliza darasa la saba. Yeye ndiye aliyemfunga nira ya kwanza, akashinda naye shambani mpaka akajua kulima. Muulize tena."

Nakuuliza tena.

Shija

*

Nachingwea,
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Shija,

Salamu sina. Makrina ndiye amenikalisha mezani, amesema asipoiona bahasha hii mkononi mwa Swalehe anarudi kwao.

Nilimtambua.

Nilishuka. Makrina aliniambia shuka umtazame, nikashuka. Alikuwa amelala ubavu, taa moja iliyobaki inammulika. Nikamwita jina lake. Aliponisikia sauti akataka kusimama, akapeleka miguu ya mbele kama vile namwita kwenye jembe, ya nyuma haikufuata. Alijaribu mara tatu. Nikarudi ndani ya gari kwa sababu angejaribu ya nne.

Jumamosi nakuja kwa basi. Nitashukia kwenye kona, niende kwa Mzee Harithi kwanza, kisha nitakwenda kwa baba kumwambia haya kwa mdomo wangu. Usimsomee.

Dotto